Khat ya Wifi Yangu

Baba yangu hajawahi kuniamini sana katika mambo ya lugha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Muthara, na kwa maoni yake kazi yangu ni kuwafundisha watu kitu ambacho tayari wanakitumia sokoni bila shida. Kiingereza angalau kina faida, husema, maana kinakuwezesha kuongea na daktari. Kimeru hakihitaji mwalimu. Kuhusu Kiswahili, hunitazama tu kwa huruma, kama anavyomtazama ndama aliyezaliwa mdogo kuliko wenzake.

Aliyempa fahari ni kaka yangu. Kaka alisomea uhandisi wa maji India, akarudi, akapata kazi Embu, na sisi tukadhani kilichobaki ni aoe msichana wa kanisa letu na mambo yaishe. Badala yake, siku moja alimpigia mama simu akamwambia kuna msichana aliyesoma naye huko India, kwamba hawajawahi kuacha kuwasiliana, kwamba anakuja Kenya kututembelea, na kwamba kwao ni Irani. Mama akauliza Irani ni upande gani wa Isiolo.

Walifika nyumbani kwetu, juu kidogo ya Mikinduri, Jumamosi moja ya Agosti, kukiwa na ukungu na manyunyu. Walikuwa wametoka Embu asubuhi. Gari lilipata pancha karibu kabisa na nyumbani, kwa hiyo kaka alimshusha mgeni, akamtambulisha haraka haraka mlangoni, akala vijiko viwili vya mukimo akiwa amesimama, kisha akarudi Mikinduri na gurudumu ili lizibwe. Alisema hatakawia. Yeyote aliyewahi kuzibiwa pancha Mikinduri siku ya soko anajua thamani ya ahadi hiyo.

Tukabaki wanne: baba, mama, mgeni na mimi. Mgeni alikuwa mrefu, amevaa miwani, na kichwani alikuwa na mtandio uliokuwa ukiteleza hadi mabegani kila mara. Kila ulipoteleza, mama alinyanyua mkono kidogo kama anayetaka kumrekebishia, kisha akaurudisha mapajani. Kazi yake ni kuchora ramani za majengo. Mimi na yeye tulielewana kwa Kiingereza, baba na mama wanaongea Kimeru, na hivyo nikawa mkalimani. Niliipokea kazi hiyo kwa majivuno. Hatimaye, nilijiambia, baba ataona lugha inaweza kufanya nini.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Mama alishika chupa ya chai akauliza kama mgeni anakunywa chai, na kabla sijafungua mdomo mgeni akajibu, "Chai." Akaniambia kwao pia ni chai. Nikamuuliza na dunia je? Dunia, kwao pia ni hivyo. Sabuni? Karibu sawasawa. Habari ni khabar, kalamu ni kalamu ila wanaitamka kooni zaidi, na mtu akitosheka husema bas, kama sisi tunavyosema basi. Tulikuwa tukicheka kama wasichana wa bweni. Baba alitusikiliza, kisha akaniuliza kwa Kimeru kama ni kweli kwamba ninachofundisha ni lugha ya kwao.

Nilimweleza kwamba si lugha yao, ni maneno tu, mengine ya Kiarabu na mengine ya Kiajemi cha kwao, na kwamba Waarabu na Waajemi walikuwa wamekwisha kuazimana sana wao kwa wao kabla hayajafika pwani yetu.

"Na serikali inakulipa wewe," alisema baba.

Nadhani ndipo alipoona kwamba na yeye anaweza kuchangia. Baba ni mkulima wa miraa, na baba yake alikuwa mkulima wa miraa, na miti mingine shambani kwetu ni mizee kuliko mtu yeyote tunayemjua. Anajua maneno machache ya Kiingereza, na kati ya hayo limo moja analolithamini kwa namna ya pekee. Alilipata redioni, wakati habari za miraa yetu kukatazwa Ulaya zilipokuwa zikisomwa kila siku. Watangazaji walisema nchi za nje miraa inaitwa khat. Baba alilihifadhi neno hilo kama watu wanavyohifadhi suti, akisubiri siku itakayofaa.

Siku yenyewe ilikuwa hii. Alijisogeza mbele kitini, akamtazama mgeni, akasema bila kunipitia mimi, "Khat. Wewe unajua khat?"

Uso wa mgeni uling'aa. "Khat," alisema, na ile kha yake ilitoka chini kabisa kooni, kama mtu anayeondoa mfupa wa samaki. Baba alinigeukia na kuniambia kwamba hivyo ndivyo linavyotamkwa, nisikie vizuri.

Mgeni alisema bila shaka anajua khat. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemwanzisha, akiwa na miaka saba.

Nilitafsiri. Kijiko cha mama kilisimama hewani. Sisi Wameru tunalima miraa na tunaiuza, lakini mwanamke kuitafuna ni jambo jingine, na mama ni kiongozi wa kina mama kanisani. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amewahutubia vijana kuhusu ubaya wa miraa, akisimama madhabahuni kwa viatu vilivyonunuliwa na miraa, mbele ya binti aliyesomeshwa na miraa. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, kwa heshima.

Baba alifurahi kupita kiasi. Alitaka kujua ilikuwa kila siku au siku za mapumziko tu. Mgeni alisema kila siku kabla ya kwenda shule, na kwamba akifanya ovyo baba yake alimpiga vidole. Baba alisema huyo ni mzazi. Akauliza kuhusu mama yake. Mgeni alisema mama hakuwa na subira ya khat, alikuwa akianza na kuacha, lakini nyanya yake ndiye aliyekuwa na khat nzuri kuliko mtu yeyote mjini mwao. Watu walitoka miji mingine kuja kuiona. Aliendelea nayo hadi uzeeni kabisa, mpaka macho yake yakafifia akalazimika kuacha, na siku aliyoacha alilia.

"Mwambie pole," alisema baba. Akafikiri. "Ni miraa iliyompofusha?"

Nilitafsiri pole peke yake.

Hata leo watu huniuliza sikushtuka vipi. Ninachoweza kusema ni kwamba mkalimani hana muda wa kufikiri, anabeba mizigo tu kutoka lori hili hadi lile. Mgeni alisema khat, nikasema miraa. Baba alisema miraa, nikasema khat. Kila mmoja alipata alichokitarajia, na sikuona sababu ya kuwasumbua.

Hata hivyo baba alianza kupata wasiwasi wa kitaalamu. Aliuliza kama mtu akimaliza khat huko kwao huwa anapata usingizi. Mgeni alisema anapata usingizi mtamu sana, kwamba hakuna kitu kinachotuliza moyo kama khat. Baba aliegemea nyuma. Miraa yake haijawahi kumtuliza mtu moyo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa ameelewa: miraa inafika kwao ikiwa imekwisha kufa njiani, maskini hawa hawajawahi kuionja iliyo hai. Akainuka, akavaa kofia yake, akatoka kuelekea shambani kwenye manyunyu.

Mama aliniita jikoni.

"Miaka saba," alisema.

Nilimwambia kila nchi ina mila yake.

"Umeyaona meno yake?" Mama alikuwa akifunika sufuria ambayo tayari ilikuwa imefunikwa. "Mtu aliyetafuna tangu miaka saba hawezi kuwa na meno meupe hivyo. Muulize kwa upole kama ni yake."

Nilimwambia siwezi kumuuliza mgeni kama meno ni yake.

"Basi muulize kama kwao kuna madaktari wazuri wa meno."

Nilirudi nikamuuliza. Mgeni alisema wapo, wazuri sana, kisha akaniuliza kwa upole kama ninaumwa jino.

Baba alirudi akiwa amelowa mabega na kitita mkononi, kimefungwa kwa jani la mgomba kama ilivyo ada. Hakikuwa kitita cha kuuza. Alikuwa amechuma kwenye miti ile mizee, vijiti vya rangi ya zambarau, laini, vilivyolingana urefu, aina ambayo huwa anawawekea wazee wenzake peke yao. Alimkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Mama alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni, taulo begani, tayari kushuhudia.

Mgeni alikipokea kwa mikono miwili vilevile, na hilo lilitugusa sote. Alifungua jani, akavinusa vijiti, akavipitishia kidole kimoja kimoja. Aliniambia ni vizuri sana, na kwamba vya kwao hutoka kusini mwa nchi, ni vikavu na vigumu zaidi. Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko niliposema vikavu. Kisha mgeni akachagua kimoja, kilichonyooka kuliko vyote, akaanza kukichambua. Majani machanga ya kileleni, yale ambayo mtafunaji huyaheshimu kuliko kitu kingine, aliyang'oa akayaweka kando kwenye kisosi, pamoja na mifupa ya kuku.

Baba aliyatazama majani.

Mgeni akaomba kisu. Mama alimletea, akabaki amesimama palepale. Mgeni alikishika kijiti kwa ustadi, akakikata ncha kwa mshazari, akakikata tena, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Kilijipinda. Alitabasamu kwa adabu akasema bado ni kibichi, lakini atajaribu. Halafu akaniuliza kama tuna wino.

"Anataka nini?" aliuliza mama.

"Anataka wino."

"Wa kunywa?"

Ndipo kitu kilipoanza kunitekenya nyuma ya kichwa, lakini bado sikukielewa. Wino wa nyumba ile ulikuwa ndani ya kalamu zangu nyekundu za kusahihishia, na huo hauchovyeki. Mgeni alipoona nahangaika alionyesha kahawa nyeusi ya asubuhi iliyobaki kwenye kikombe cha baba, akauliza kama anaweza. Kisha akataka karatasi. Mama aliitoa ukutani kalenda ya kanisa, akachana ukurasa wa Julai, akamgeuzia upande mweupe.

Mgeni alinyoosha mgongo. Alimuuliza baba jina lake, akalirudia mara kadhaa mpaka baba akaridhika, akachovya kijiti ndani ya kahawa na kuanza kuandika. Alianzia kulia.

"Anaanzia mwisho," alisema baba.

Lakini alisogea. Kijiti kilikuwa laini na kahawa ilikuwa nyepesi, na bado ule mstari ulitoka mnene, ukawa mwembamba, ukapinda kama mto unapozunguka jiwe, ukapanda, ukashuka. Mgeni hakupumua hadi alipofika mwisho wa neno. Akaweka nukta, akapumua, akasema kwa aibu kidogo kwamba khat yake si kitu mbele ya khat ya nyanya yake.

Nikasimama wima. Kila wiki, kwenye madaftari ya wanafunzi wa kidato cha kwanza, mkono wangu wenyewe huandika kwa wino mwekundu: Boresha hati yako. Hati. Mwandiko. Ndilo neno lenyewe, huko pwani limeng'olewa ile kha ya kooni, likapewa irabu mwishoni ili lisituume midomo, na nimelitumia miaka yote hii nikidhani nalifahamu. Mzee yule hakuwa amemfundisha mtoto wa miaka saba kutafuna miraa. Alimfundisha kuandika vizuri.

Niliwaeleza, kwanza mgeni kwa Kiingereza. Alifunika mdomo kwa mtandio, macho yake yakawa makubwa nyuma ya miwani, na nikaona mabega yanatikisika. Halafu nikamweleza baba, na hiyo ilichukua muda, kwa sababu alitaka nirudie kila sehemu.

"Na nyanya yake?"

"Aliandika, baba."

"Watu walitoka miji mingine kuja kuangalia mwandiko?"

"Ndiyo."

Nadhani kwa muda baba alikuwa amemwona yule nyanya waziwazi, ajuza wa Uajemi amekaa chini ya ukuta wake na kitita mapajani, mwenzake katika ufundi, na sasa ilimbidi amuage. Mama, kwa upande wake, alikwenda jikoni akarudi na paja la kuku ambalo hatukujua lipo. Alimwekea mgeni kwenye sahani, na safari hii mtandio ulipoteleza alimrekebishia. Alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba kuna makosa. Mtu mwenye meno kama yale.

Mgeni alichukua kijiti kingine akatuandikia maneno mawili, moja chini ya jingine. La kwanza ni khat yake, ambalo Waajemi walilipata kwa Waarabu. Kwa wote ni mstari, na ni mwandiko, maana mwandiko nao ni mistari tu. Kwao, alisema, ni laini ya simu vilevile, na njia ya basi, na hata ule unywele wa kwanza unaoota juu ya mdomo wa kijana washairi wao waliuita khat. Ikweta nayo, waliyoivuka asubuhi karibu na Meru mjini, Waarabu na Waajemi huiita khat, mstari wa usawa. Alikuwa amemwomba kaka asimamishe gari ili aukanyage. La pili lilikuwa jina la miraa kwa Kiarabu, na halihusiani na la kwanza hata kidogo. Linaanza na herufi nyingine, ya nyuma kabisa ya koo, kaf nzito, na linaishia kwa te nyingine. Mtu wa Kiarabu hawezi kuyachanganya. Walioyachanganya ni Waingereza, walipoliandika la pili kwa kh kana kwamba ni la kwanza. Nilimuuliza hilo la pili lilitoka wapi. Alisema hajui, labda Uhabeshi, ambako wana jina linalofanana nalo.

Baba aliyatazama maneno yote mawili, akauliza la miraa ni lipi. Mgeni alimwonyesha. Baba alisema ndilo lililoandikwa vizuri zaidi.

Kaka alirudi alasiri na gurudumu lake, akamkuta mchumba wake amekaa katikati ya wazazi wetu, vidole vyake vyote ni rangi ya kahawa, vijiti vya miraa bora vimechongwa kama penseli na kutapakaa mezani. Alipoelezwa aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu. Baba alimngoja amalize, kisha akamwambia kwamba siku nyingine akileta mtu atuachie kwanza maelezo.

Posa ilifuata mwaka uliofuata, na ilikuwa na ugumu wake. Kwetu huwezi kuomba binti bila kumpelekea baba yake ncoolo, kitita cha heshima cha miraa, na baba hakutaka kusikia kwamba zama zimebadilika. Wazee walikaa kwetu kulijadili. Mmoja alipendekeza ipelekwe kwa ndege. Kaka aliwaeleza kwa upole kitakachompata mtu atakayeshuka Tehrani na kitita hicho mkononi. Baada ya mjadala mrefu waliafikiana kwamba simu itatosha, mradi picha ionekane vizuri.

Kwa hiyo baba alivaa koti, akakaa chini ya ukuta wa nyumba, kitita mapajani, nami nikamshikia simu. Upande wa pili alitokea mzee mwembamba, mwalimu mstaafu, mwenye miwani kama ya binti yake, naye amevaa koti. Hawakuwa na hata sentensi moja ya pamoja. Baba alisema habari, mzee akasema khabar. Wakatazamana, wameridhika, kama watu waliomaliza nusu ya kazi.

Baba aliinua ncoolo akaifungua, akaieleza: miti ilipandwa na nani, ilichumwa lini, kwa nini vijiti vinalingana. Wifi, maana sasa nilianza kumwita hivyo, alikuwa amerudi kwetu, naye alikaa pembeni yangu akimtafsiria baba yake Kiingereza changu. Mzee alisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wangu wote. Mwishoni aliweka mkono kifuani akasema ameipokea, na kwamba kwa kuwa mkono wake haufiki, anamwomba mkwe mwenzake amtafunie.

Nilipomtafsiria baba, alivua kofia. Hakuna mtu aliyewahi kumpa jukumu kama hilo. Alasiri ile hakwenda kukaa na wazee wenzake. Alikaa peke yake, ameketi wima, akichagua kijiti kimoja kimoja, akitafuna polepole bila kuongea na mtu, na mama alipompitishia chai aliipokea kwa ishara tu. Alipofika kijiti cha mwisho aliniita.

"Mpigie mkwe," alisema. "Mwambie ameipenda."